Programu za Ujenzi Zinatuficha Nini Ndani ya Ukuta?

Leo nimekuja na ugomvi. Kama hujawahi kufungua programu ya kuchora majengo usikimbie; nitaeleza polepole, na ukifika katikati utaona jambo lenyewe linakuhusu hata kama kazi yako ni kuuza miraa pale steji. Hapa Isiolo kila mtu ama anajenga, ama anapanga kujenga, ama anarundika mawe kidogo kidogo kwenye ploti akingoja pesa za msimu ujao.

Dai langu ni hili. Programu tunazotumia kuchora nyumba zimezoea kuficha matabaka ya ukuta na ya sakafu. Hilo peke yake ningelivumilia. Nisichoweza kuvumilia ni kwamba ukuta ambao matabaka yake yamefichwa, na ukuta ambao haukupewa matabaka yoyote, huonekana sawasawa kwenye skrini. Mchoraji aliyekesha akiifikiria nyumba yako na mchoraji aliyebofya mara mbili akaenda kunywa chai wanakuletea picha ile ile. Nasema hili ni kosa la programu, na sisi tunaoandika programu ndio tunaopaswa kuona aibu.

Tuelewane kwanza. Enzi za AutoCAD (na wengi bado wako huko, siwacheki) ukuta ulikuwa mistari miwili sambamba. Kompyuta haikujua kama ni ukuta. Ingeweza kuwa barabara ya Moyale au kamba mbili za kuanikia nguo. Kisha zikaja programu za aina nyingine: ArchiCAD kutoka Hungaria katika miaka ya 1980, halafu Revit, iliyoanzishwa na kampuni ya Charles River Software ya Marekani, ikatolewa mwaka 2000 na kununuliwa na Autodesk mwaka 2002. Kazi hii siku hizi huitwa BIM, yaani modeli ya taarifa za jengo. Humu ukichora ukuta, kompyuta inajua kwamba ni ukuta. Inajua urefu wake, kimo chake, mlango ulioko ndani yake, na inajua umetengenezwa kwa vitu gani. Hili la mwisho ndilo matabaka.

Katika Revit kila aina ya ukuta ina jedwali lake. Kila mstari wa jedwali ni tabaka moja, na tabaka lina nyenzo, unene na kazi. Kazi zimepewa namba kutoka 1 hadi 5: ya 1 ni ya kubeba uzito, ya 2 ni ya kushikilia tabaka lingine, ya 3 ni ya joto na hewa, na za 4 na 5 ni za kumalizia, kama plasta. Kuta mbili zikikutana kwenye kona, tabaka lenye namba ndogo hupenya na lenye namba kubwa husimama. Jiwe hukata plasta, plasta haikati jiwe, kama vile fundi anavyofanya. ArchiCAD nayo, tangu toleo la 17 la mwaka 2013, huipa kila nyenzo namba ya nguvu kwa kazi hiyo hiyo. Ni akili nzuri sana. Aliyebuni mambo haya nadhani aliwahi kusimama karibu na fundi akamtazama kwa makini.

Sasa, ukishajaza jedwali lako kwa jasho, unaona nini? Revit ina viwango vitatu vya undani: cha chini, cha kati na cha juu. Katika kiwango cha chini matabaka yote hupotea machoni, ukuta ukabaki mistari miwili ya nje, labda na rangi moja katikati. Na ramani mpya ya kipimo cha 1:100, ambacho ndicho kipimo chetu cha kila siku kwa nyumba, kwa kawaida hufunguka katika kiwango hicho cha chini. Kwenye mwonekano wa pande tatu hali haiwi nzuri hata ukipandisha kiwango: unaona ngozi ya nje tu, mpaka ulikate jengo kama keki au uuvunje ukuta vipande vipande. Yaani tumezunguka miaka yote hii na tumerudi kwenye zile kamba mbili za kuanikia nguo.

Kuna mtu ananiambia, ukuta ni jiwe na plasta bwana, kuna nini cha kuona? Haya, tuuache ukuta kwanza, tushuke chini kwenye sakafu.

Sakafu ya nyumba ya kawaida ya mawe hapa Kenya, ile ya chini kabisa, ukiisoma kutoka ardhini kwenda juu ni hivi. Udongo wa juu wenye mizizi na uchafu unaondolewa. Yanamwagwa mawe ya hadikoo, michoro mingi huandika milimita 300, yanashindiliwa. Juu yake vumbi la mawe, milimita 50 hivi, kuziba mapengo na kusawazisha ili mawe yasitoboe kitakachofuata. Hapo inapigwa dawa ya mchwa. Kisha inatandazwa nailoni ya geji 1000, ambayo unene wake ni robo ya milimita. Kisha wavu wa BRC, mara nyingi A142, yaani nyaya za milimita 6 katika miraba ya milimita 200. Kisha zege, milimita 100 au 150. Mwisho skridi, na kama una pesa, vigae.

Siku unapohamia utaona kitu gani kati ya hivyo? Skridi au vigae. Basi. Vingine vyote vimezikwa, na kuvifukua ni kuvunja nyumba. Hiyo nailoni ikirukwa hutajua mwaka wa kwanza. Utajua mwaka wa tatu plasta ya chini ya ukuta ikianza kuvimba na kutoa unga mweupe wa chumvi, na kabati la nguo likinuka. Utasema Isiolo ni kavu, unyevu utoke wapi? Mvua ya huku ikija huja yote kwa pamoja, laga zinajaa kwa saa chache, na ardhi huyatunza maji hayo chini muda mrefu baada ya vumbi kurudi juu. Walioona mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 hawahitaji somo langu. Na habari ya mchwa sihitaji kuieleza kabisa. Wenye fremu za milango za mbao mnaijua.

Tena kuna pesa. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 8. Hadikoo ya milimita 300 chini ya sakafu hiyo ni mita za ujazo 24. Hesabu ya malori unaijua mwenyewe. Au chukua plasta: ukuta wa mita za mraba 100 uliopigwa plasta ya milimita 15 pande zote mbili unakula mita za ujazo 3 za mchanganyiko. Kwa kipimo cha moja kwa nne hiyo ni zaidi ya mifuko 20 ya saruji ya kilo 50. Mifuko ishirini na kitu, imejificha ndani ya mstari ambao kwenye ramani hauonekani! Halafu tunashangaa kwa nini kila mtu mjini hapa husimamisha ujenzi kwenye lenta.

Turudi kwenye nailoni, kwa sababu hapa ndipo programu zinapochekesha. Katika Revit utando wa aina hii una kazi yake maalum, nje ya zile namba tano, na unene wake ni lazima uwe sifuri. Huruhusiwi kuandika robo milimita. Na kwa kuwa ni sifuri, hauchorwi kwenye mkato, hata ukiwa kiwango cha juu cha undani. Uko kwenye jedwali, hauko kwenye picha. FreeCAD, ambayo ni programu huria na ndiyo ninayoitumia nyumbani, inaelewa sifuri kwa namna nyingine kabisa: tabaka lenye unene wa sifuri huchukua nafasi yote iliyobaki katika unene wa ukuta. Kwa hiyo ukinakili jedwali la Revit kwa mkono bila kufikiri, nailoni yako ya robo milimita inaweza kuvimba ikawa ndiyo ukuta wenyewe. Na katika IFC2x3, toleo la mwaka 2006 la lugha ya pamoja ya faili za majengo, kanuni inasema unene wa tabaka ni lazima uzidi sifuri. Nailoni ya sifuri haina pa kukaa humo. Ilibidi tungoje IFC4 ya mwaka 2013 ndipo sifuri ikaruhusiwa. Kitu ambacho mama yeyote aliyejenga anakijua kwa jina, wataalamu wa dunia nzima walichukua miaka kukipa nafasi ndani ya faili.

Kwa kuwa nimeitaja IFC, nieleze kidogo. Ni muundo wa faili usiomilikiwa na kampuni moja, unasimamiwa na buildingSMART, na ni kiwango cha kimataifa, ISO 16739, tangu 2013. Kazi yake ni kuhamisha modeli kutoka programu moja hadi nyingine. Ndani ya faili hiyo umbo la ukuta wa kawaida huwa bonge moja lililosukumwa juu kutoka kwenye mstatili. Matabaka yako pembeni kama maandishi, katika kitu kinachoitwa IfcMaterialLayerSet: nyenzo hii, unene huu, halafu ile, unene ule, kwa kufuata mpangilio. Programu ya kutazama ikisoma umbo na kuruka maandishi, inakuonyesha bonge. Na nyingi ndivyo zinavyofanya. Si kwamba haiwezekani! Kifaa cha bure cha IfcOpenShell, kinachoitwa IfcConvert, kina chaguo la kulikata bonge hilo kufuatana na matabaka yake. Lakini ni chaguo, mpaka uliombe. Usipojua kuomba, hulipati.

Sasa niwaambie kwa nini nimekasirika hivi. Jamaa mmoja anamjengea mama yake huku Bula Pesa. Alinipa faili ya IFC aliyochorewa na ofisi moja, sitaitaja, akataka nimwandikie skripti ya kuhesabu saruji na mawe. Kabla ya hapo ofisi hiyo ilikuwa imewatumia picha za nyumba kwenye simu: ukuta wa mawe yaliyochongwa, jua la jioni, maua kwenye kibaraza, gari lisilokuwa lao. Picha za kupendeza kweli. Yule mama akazitazama, akasifu, kisha akauliza swali moja: ile nailoni ya kuzuia maji iko wapi? Akajibiwa, "Mama, hiyo iko ndani, haionekani."

Nilipofungua faili nikakuta kila ukuta una tabaka moja. Jina lake: Generic - 200mm. Hilo ndilo jina la ukuta wa kuanzia unaokuja na Revit yenyewe, ukuta wa mfano ambao mtu huutumia kabla hajaamua. Sakafu nayo ilikuwa bonge moja la milimita 150. Hakuna hadikoo, hakuna vumbi la mawe, hakuna nailoni. Yale mawe mazuri yaliyochongwa kwenye picha yalikuwa ni picha ya mawe iliyobandikwa juu ya ukuta ambao haukuwa wa kitu chochote.

Na hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Jibu alilopewa yule mama lingekuwa hilo hilo hata kama nailoni ingekuwepo. Iko ndani, haionekani. Hakuna picha ambayo programu ile ingemwonyesha bila kuulizwa ambayo ingetenganisha hali hizi mbili. Mchoraji hakuhitaji kudanganya. Programu ilimsaidia kunyamaza.

Nimejadiliana na wachoraji wawili watatu kuhusu jambo hili na wana utetezi, tena si wa kipuuzi, kwa hiyo niutendee haki. Wa kwanza ni wa karatasi. Plasta ya milimita 15 kwenye mchoro wa 1:100 ni milimita 0.15. Huo ni unene wa mstari wa kalamu nyembamba. Ukilazimisha matabaka yote yaonekane kwenye ramani nzima ya nyumba, kila ukuta utakuwa mkeka mweusi, na fundi hataona hata mlango uko wapi. Kwenye 1:20 plasta hiyo hiyo ni milimita 0.75 na inasomeka vizuri. Ndiyo maana, wanasema, kuna mchoro wa ramani na kuna mchoro wa undani, kila mmoja na kazi yake.

Nakubali hesabu. Sikubali linalofuata. Kwanza, kwenye nyumba nyingi za watu wa kawaida ule mchoro wa undani haupo kabisa. Kilichopo ni ramani, picha za pande tatu na simu ya fundi. Pili, skrini si karatasi. Kwenye ramani ya mtandaoni ukiitazama Kenya nzima huoni mtaa wa Kulamawe, lakini unajua ukisogea karibu utatokea, na hata kabla hujasogea umeona nukta iliyoandikwa Isiolo. Nukta inakuambia kuna kitu hapa, njoo uone. Ukuta wa kiwango cha chini hauna nukta. Hausemi "nina matabaka matano, sogea," wala hausemi "sina kitu."

Utetezi wa pili ni wa uzito: modeli yenye kila tabaka kama umbo kamili ni nzito, na laptopu zetu ni za mtumba. Huu nauelewa kabisa, maana yangu ni ya mtumba pia. Lakini kuuliza kama jedwali lina mstari mmoja au mitano si kazi ya kuua kompyuta. Ni kuhesabu mistari. Rangi moja tofauti kwa ukuta usio na maelezo haiongezi hata pembetatu moja kwenye modeli.

Kuna na wa tatu, ambao husemwa kwa sauti ya chini: mteja haelewi matabaka, utamchanganya tu. Huu sijibu kwa heshima. Yule mama wa Bula Pesa aliuliza swali ambalo ofisi nzima haikuliuliza.

Hapa niweke breki kidogo. Kila tunapozungumza juu ya ujenzi Kenya kuna mtu hutaja jengo la Huruma, Nairobi, lililoanguka Aprili 2016 na kuua watu takriban hamsini. Sitaki kulitumia. Majengo hayaanguki kwa sababu ya plasta, na kuonyesha tabaka la skridi hakutazuia nguzo dhaifu kuvunjika. Hasara ninayoizungumzia ni ya polepole: unyevu, mchwa, joto, zege linalopasuka kwa sababu chini yake hakukushindiliwa, pesa zinazoisha kabla ya paa. Haitangazwi kwenye habari za saa moja. Lakini ndiyo hasara ya wengi.

Joto, ndiyo. Nalo lina kisa chake. Ukuta wa mawe wa milimita 200 na ukuta wa paneli za povu wa unene uo huo huonekana mapacha katika kiwango cha chini. Paneli hizo ni zile zinazotengenezwa na Shirika la Taifa la Nyumba katika kiwanda chake kule Mavoko: povu katikati, wavu wa chuma pande zote mbili, kisha saruji inapulizwa juu yake. Povu la milimita 80 peke yake huzuia joto kupita zaidi ya mara kumi kuliko jiwe la milimita 200. Kwa mji kama huu wetu, ambako alasiri ya Februari mtu hutafuta kivuli cha hata nguzo ya stima, hiyo ndiyo tofauti kati ya chumba cha kulala na tanuri. Mapacha kwenye skrini!

Na maktaba za kuta zinazokuja na programu hizi zimejaa mambo ya kwao: tofali la nje, nafasi ya hewa, sufi ya kuzuia baridi, mbao za ndani, bodi ya jasi. Ukuta wa kuzuia theluji. Siwalaumu, wao wana theluji. Lakini matokeo yake ni kwamba mchoraji wa hapa akifungua maktaba hakuti jiwe la kuchonga na plasta ya ndani, hakuti matofali ya kufungamana ya udongo na saruji, hakuti mabati juu ya fremu za mbao, hakuti matope. Anakuta kuta za kigeni kumi na mbili na ile Generic - 200mm. Ungekuwa wewe ungechagua ipi?

Wala msiniambie kufikiri kwa matabaka ni mambo ya wazungu. Nenda Lamu, au Mji Mkongwe wa Zanzibar. Sakafu ya ghorofa ya nyumba za kale za pale ni boriti za mikoko, juu yake vipande bapa vya mawe ya matumbawe, juu yake kokoto za matumbawe na chokaa iliyotwangwa ikashikamana, na juu kabisa chokaa laini. Upana wa vyumba vyenyewe ulifuata urefu ambao boriti ingeweza kubeba, ndiyo maana ni virefu na vyembamba. Ukuta ni matumbawe na chokaa, unapumua. Ukija na plasta ya saruji juu yake unaufungia unyevu ndani, ukuta unaanza kuoza kwa siri. Wanaokarabati nyumba hizo wanalijua hili vizuri. Wakikabidhiwa modeli yenye bonge la kijivu la milimita 500, wamekabidhiwa nini?

Ninachodai ni kidogo. Ukuta wowote ambao jedwali lake lina tabaka moja lisilo na nyenzo ya kweli upakwe rangi ya kuumiza macho, katika kila mwonekano, mpaka mtu aujaze au atamke kwamba ameuacha makusudi. Ukuta wenye matabaka, hata ukiwa mbali, uwe na alama ndogo inayosema ni mangapi. Ukiugusa kwa kidole kwenye simu, matabaka yafunguke kwa mpangilio wake, na majina yawe ambayo fundi anayatumia: hadikoo, BRC, skridi. Na utando wa unene wa sifuri uchorwe kwa mstari wa nukta nukta wenye rangi yake, usiojali kipimo, kama vile ramani inavyochora mpaka wa kaunti. Mpaka wa kaunti nao hauna unene, na hakuna aliyewahi kusema basi tusiuchore.

Autodesk sitawasubiri. Leseni mpya ya kudumu ya Revit haijauzwa tangu 2016, ni kulipia kila mwaka, na vijana wengi huku wanatumia toleo la wizi au la mwanafunzi. Maoni yetu hayafiki popote. Ila FreeCAD iko wazi na ilifika toleo la 1.0 Novemba 2024, na Bonsai inayokaa ndani ya Blender inasoma na kuandika IFC moja kwa moja, bila kupitia mlango wa mtu. Msimbo wao unaonekana. Mwanafunzi wa Meru au wa Nairobi mwenye Python kidogo anaweza kuandika jambo la rangi katika wikendi moja.

Mimi nimeanza na skripti ndogo juu ya IfcOpenShell. Inapita kila ukuta na kila sakafu, inahesabu matabaka, inaangalia kama nyenzo ina jina la maana, na zile kuta bubu inazipaka waridi kali. Nilipoipitisha kwenye faili ya yule jamaa nyumba nzima iligeuka waridi, kibaraza na yote. Alimtumia mama yake picha hiyo, na wamerudi ofisini kwao wakiwa nayo. Sakafu imeshajazwa, kuta bado wanavutana juu ya nani atalipia saa za kuchora upya.

Kuna jambo moja bado linanishinda. Ukuta wa fito na matope si tabaka. Matabaka ya programu hizi hudhani kila kitu ni bapa na kina unene mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini fito ziko ndani ya matope, haziko kando yake. Boriti za Lamu zina shida hiyo hiyo, kwa kuwa kati ya boriti na boriti kuna hewa. IFC4 ina kitu kiitwacho IfcMaterialConstituentSet ambacho hukubali mchanganyiko wa aina hii, unaandika ni sehemu gani ya ukuta ni fito na gani ni matope, lakini sijaona programu inayouchora mchanganyiko huo kwa namna inayoeleweka. Nataka kujaribu kwa vipimo vya kweli: umbali kati ya fito, unene wa matope kila upande, kimo cha mawe ya chini kama yapo. Kama una nyumba ya namna hiyo Kambi Garba, Kiwanjani au Ngare Mara na huna neno nikija kupima, nijulishe. Tepu ya kupimia ninayo.